Manguo ya 1941: namna ya kuyavaa mpaka watu wayasahau

Desemba inakaribia, na katika mitaa ya watumikaji watu wanaanza kutuuliza: "Mwaka huu mutaonyesha tena ule muchezo wa mugomo?" Ndiyo, tutauonyesha. Tunajifunza kila Jumapili kisha misa na ibada, katika lupango ya mwenzetu mumoja, na mwaka huu tuko wengi kuliko mwaka jana. Lakini ulizo lenye kutusumbua haliko la maneno. Maneno watu wanayashika. Ulizo ni la manguo.

Mutu anaweza kujua maneno yake yote, sauti yake ikatoka muzuri, kisha unamuvalisha kaputula ya kaki na shati isiyo na kola, na palepale anakuwa mutu mwingine. Anavuta kaputula kila mara. Anaficha magoti. Mikono haijui kwa kwenda. Watoto wanaanza kucheka, na wakisha kucheka mara moja, hata risasi ikilia wataendelea paka kucheka. Sisi hatupendi watu wacheke fasi hiyo.

Juu ya hiyo tunaandika hapa yale tuliyojifunza katika kazi hii. Hayako ya muchezo wetu peke yake. Kuko wale wanaovaa nguo za zamani siku ya sherehe ya chifu, kuko shule zinazovalisha watoto siku ya 30 Juni, kuko vikundi vya ngoma. Kila mumoja atakamata kinachomufaa.

Ni manguo ya nani?

Kwa vijana ambao hawajasikia. Mwaka 1941 vita ya Ulaya ilikuwa inaomba mukuba wa Katanga kwa wingi. Kazi iliongezeka, bei ya vitu sokoni ikapanda, lakini mushahara wa mutu mweusi ulibaki fasi yake. Mwanzo wa Desemba watumikaji wa Union Minière walisimamisha kazi, huku Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville, na kule Likasi, iliyoitwa Jadotville. Tarehe 9 Desemba, Elisabethville, watu walikusanyika katika kiwanja cha mupira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika na maaskari. Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa anasema kwa ajili ya wenzake, aliuawa. Maaskari wakapiga risasi katika watu, na watu wakafa kwa makumi. Hiyo ndiyo habari tunayoionyesha.

Sasa, kosa la kwanza la watu wengi ni hili: wakisikia "zamani" wanaleta matambara. Wanapasua shati, wanapaka mavumbi, wanasema hivi ndivyo bankambo walikuwa. Hapana. Angalia fotografia za wakati ule, zile ambazo jamaa nyingi ziko nazo ndani ya Biblia ao chini ya kitanda. Mutu wa kazi za chini ya kapita yuko na kaputula, mara nyingi miguu wazi. Lakini siku ya fotografia amepiga pasi, amechana nywele, na bibi yake amefunga kikwembe muzuri. Karani yuko na patalo na shati nyeupe. Mpoyi alikuwa karani. Ukimuvalisha matambara umemudanganya, na umedanganya na wale wanaoangalia.

Juu ya hiyo, mbele ya kuvaa, tunaomba kila mumoja ajibu maulizo matatu. Mutu huyu alikuwa anatumika kazi gani? Saa hii yuko kazini, nyumbani, ao katika mukutano? Nguo hii aliipata namna gani: alipewa na kampuni, alinunua kwa franga zake, ao bibi yake alishona? Mutu akiweza kujibu, ile nguo inaanza kuwa yake. Asipoweza, anabaki kama musumari wa ukuta: nguo imetundikwa juu yake tu.

Kwa wale ambao hawako na fotografia nyumbani, kuko picha za wachoraji wetu. Tshibumba Kanda-Matulu, katika miaka ya 1970, alichora historia ya inchi yetu picha kwa picha, akatia ndani pia mateso ya watumikaji. Nani katika Katanga hajaona picha ya *Colonie belge*, na wafungwa wenye nguo za mistari, askari na fimbo, muzungu amesimama pembeni? Picha hizo zilitundikwa katika nyumba za wazazi wetu. Angalieni namna watu wamesimama ndani yake, si rangi ya nguo peke yake. Na kutoka mwaka 2000 kazi iliyoitwa *Mémoires de Lubumbashi* ilikusanya maneno na vitu vya ukumbusho vya watu wa mji huu. Hiyo ilionyesha kwamba kile kitu kinacholala bure katika sanduku la mama kinaweza kufundisha watu wengi.

Wale wanaojua kuvaa

Kuko watu wanaovaa nguo za zamani na huoni hata kidogo kwamba wamevaa. Twende kwanza Bunkeya. Kila tarehe 20 Desemba Wayeke wanakumbuka Mwami M'siri, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Wazee wanatoka na ngozi, shanga, na omande, lile gamba la konokono wa bahari ambalo tangu wakati wa M'siri ni alama ya uchifu. Angalia muzee aliyevaa omande: hailishiki, haiangalii. Anaongea na mutu, anasalimu wageni, anakaa. Juu ya nini? Juu alikua akimuona baba yake nayo. Kwake ile haiko nguo ya "zamani". Ni nguo ya siku ile.

Ngambo ya Luapula, katika Zambia, Walunda wa Mwata Kazembe, ambao bankambo wao walitoka huku kwetu, wanafanya Mutomboko kila mwaka mwezi wa saba pale Mwansabombwe. Mwata anacheza na upanga na shoka katika mikono, amevaa nguo nzito za ufalme. Mutu ambaye anaogopa nguo yake itaanguka hawezi kucheza vile hata dakika mbili.

Lakini musifikiri hiyo ni kazi ya machifu tu. Hapa Elisabethville, katika miaka ya 1920 na 1930, watumikaji wenyewe walikuwa na vikundi vya Mbeni. Ngoma hiyo ilizaliwa pwani ya Afrika ya Mashariki, ikasambaa katika inchi na watu wa vita ya 1914. Watu walijipa vyeo vya kizungu, mufalme, gavana, ofisa, wakavaa kama wao, wakatembea kwa mustari. Asubuhi ilipofika walirudi katika kazi ya mukuba. Bankambo hao hawakuzaliwa na koti la ofisa. Walijifunza kulivaa kwa pamoja, jioni kwa jioni, mpaka likawa lao.

Na wengi wetu tulikulia tukimuangalia Mufwankolo na kikundi chake. Akitokea kama chifu ao kama muzee wa kijiji, hakuna mutu katika nyumba aliyesema "angalia nguo yake". Tulisema: "Angalia ule muzee!" Hapo ndipo tunapenda kufika.

Nguo ilale mwilini kwanza

Nguo mupya inasema yenyewe kwamba ni mupya. Inalia ukitembea, inasimama peke yake, na mutu aliyeivaa anasimama kama nayo. Sisi tunaagiza manguo kwa fundi miezi miwili mbele. Tunachagua pamba: kaki ya pamba, amerikani, kitambaa cha kawaida. Nailoni inang'aa katika jua, na jasho haitoki. Kisha tunaifua mara tano ao sita, tunaianika juani, hatuipigi pasi mara ya kwanza. Kisha kila mutu anapeleka yake nyumbani na kuivaa akitumika: analima bustani, anapasua kuni, anafua, anabeba mutoto. Siku kumi hivi. Nguo ikirudi iko na kunja pale magoti yanakunja, na viwiko vimeonekana. Hakuna fundi anayeweza kushona hiyo.

Wazee wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Tumeona maneno hayo kwa macho. Mwenzetu mumoja, mutu mukubwa, alipewa kaputula ya mudogo wake. Katika mazoezi alichuchumaa kuokota mukate, na kaputula ikafunguka nyuma kutoka mukaba mpaka chini. Tulicheka mpaka machozi, naye pia. Lakini kutoka siku ile kila nguo inapita mitihani mine mbele ya kukubaliwa: chuchumaa mpaka chini, inua mikono yote miwili juu ya kichwa, panda juu ya kiti kirefu kama unapanda kamiyo, kimbia kutoka mulango mpaka mwembe. Ikibana fasi yoyote, inarudi kwa fundi. Aongeze kitambaa katikati ya miguu na chini ya kwapa. Patalo za zamani zilifika juu ya kitovu, zilikuwa na nafasi. Wacha nafasi hiyo. Mutu aliyebanwa hawezi kuwa na uso wa kawaida, hata akijikaza.

Chini ya nguo ya zamani, vaa nguo ya ndani nzuri ya leo. Hakuna atakayeiona, na wewe utakuwa na amani. Tunaambia hiyo zaidi kwa vijana wanaotoka na kifua wazi ao na kikwembe tu. Nusu ya woga ni kuogopa kuvuliwa.

Miguu, mikono, na saa

Miguu inatoa siri ya mutu haraka. Sisi wa leo tumezoea bilatu na bote. Ukitembea miguu wazi ghafula, unatembea kama kuku juu ya mawe ya moto. Anza wiki mbili mbele, katika lupango, dakika kumi asubuhi, kisha nusu saa. Siku ya muchezo tunafagia kiwanja sisi wenyewe na kuokota vyupa na misumari. Kama fasi iko na takataka za usine ao mawe makali, tunahama. Hatutumi mutoto wa mutu juu ya vyupa eti juu ya historia.

Desemba ni mvua, hiyo munajua. Kaki ikilowa inakuwa nzito mara mbili na inavuta chini. Fanya mazoezi mara moja na nguo iliyolowa, ili siku mvua ikinyesha usishangae. Mwaka mumoja mvua ilitupiga katikati ya muchezo, na hakuna aliyekimbia, juu tulikuwa tumeshajua uzito wake. Wamama walituambia kisha kwamba siku ile ndiyo walilia.

Mikono sasa. Mutu asiye na kitu katika mikono anaanza kugusa nguo yake. Umupe kitu ambacho mutu yule angekuwa nacho: gunia ya posho, jembe, kopo ya maji, karatasi za karani, buku ya kazi. Na kitu kiwe na uzito wa kweli. Gunia iliyojaa majani makavu inabebwa kama mutu anayebeba majani makavu, na wachimbaji wanaona hiyo palepale: mugongo wao unajua kilo hamusini ni nini. Tia muchanga, hata kidogo.

Kisha vua vya leo. Saa, telefone, pete za plastiki, rangi ya kucha, nywele za kununua. Hata mufuko uliofura na telefone unaonekana. Tuko na kikapo kimoja, mama mumoja anakilinda, kila mutu anatia vyake mule mbele ya kuanza. Miwani ni maneno mengine: mutu asiyeona vizuri bila miwani, avae. Zamani pia watu walivaa miwani, na afazali miwani kuliko kuanguka katika shimo.

Bikwembe vya wamama

Wasichana wetu wamezoea patalo. Tukiwapa bikwembe viwili na blauzi ya mikono mirefu kidogo, wanatembea hatua ndogo ndogo na mukono mumoja kiunoni, wakiogopa kitaanguka. Katika muchezo wetu wamama wanakimbia kutafuta wanaume wao wakisikia risasi. Ukikimbia na mukono kiunoni, haukimbii.

Wamama wakubwa ndio walitufundisha. Wanafunga kwanza kamba ya kitambaa kiunoni, kikwembe kinapita juu yake, ncha inazungushwa mara mbili na kuingizwa ndani, siyo fundo mbele. Kikwembe cha pili kinafungwa juu, ndicho kinachobeba mutoto. Kisha mama anamuambia musichana: "Kimbia mpaka kwa jirani, uombe chumvi, urudi." Akirudi na chumvi na kikwembe bado kiko, hataogopa tena. Na wafanye kazi nacho: kutwanga, kusonga bukari, kukaa chini na kusimama bila kushika ukuta. Mama mumoja alisema: "Kikwembe haikivaliwake na kiuno tu, inavaliwaka na kazi." Tunaona iko kweli kwa manguo yote.

Kutoka nayo mu njia

Woga wa mwisho ni macho ya watu. Ule unaogopa katika lupango ataogopa mara kumi mbele ya watu mia tatu. Dawa yake iko moja: toka nayo. Tunatoka watano watano, hatutumi mutu peke yake. Tunaenda kununua mukate, tunapita kwa fundi wa baiskeli, tunasalimu wazee kwa heshima, tunarudi. Siku ya kwanza watoto wote wa mutaa wanatufuata. Siku ya pili wanafuata nusu. Siku ya tatu muuza mukate anatuuliza deni yetu kama kawaida. Hapo tumemaliza.

Katika njia usicheze muchezo. Usiseme maneno ya 1941, usijifanye muzee. Sema mambo yako ya kila siku: bei ya unga, mupira, homa ya mutoto. Shati ya nkambo ikisikia mambo ya nyumba yako, inakuzoea. Mutu akikucheka, mueleze kwa ufupi ni nguo gani na ya siku gani. Wengi wanaacha kucheka, na mara nyingi mutu anajibu: "Nkambo yangu naye alikuwa mule." Vitu viwili vizuri tulivyo navyo katika muchezo vilitoka kwa watu waliotusimamisha mu njia vile.

Nani atavaa nguo ya askari?

Hapa kuko maneno makubwa, na tulikaa mikutano mitatu juu yake.

Kila mutu alipenda kuwa mugomaji. Hakuna aliyependa kaki na kofia nyekundu ya Force Publique. Kijana mumoja aliyechaguliwa aliivaa, akatoka, na uso wake ulikuwa unaomba musamaha kwa kila mutu. Alishika bunduki ya mbao kama fagio. Mama mujane wa mutaa, ambaye baba yake alitumika Union Minière, alisimama akasema: "Munajivalisha kama wauaji na munapenda tuone ni nguo ya kawaida? Mutu anayejisikia vizuri ndani ya nguo ile, mimi ninamuogopa."

Ulizo lake lilikuwa la haki, na hatukulijibu siku ile. Wengine walisema tuondoe maaskari, risasi isikike tu nyuma ya ukuta. Wengine walisema askari avae kinyago, uso usionekane. Muzee mumoja wa pansheni ndiye alisema neno lililobaki: "Wale maaskari walikuwa watoto wa watu. Walikuwa weusi kama sisi. Walikula bukari asubuhi ile. Mukiwafanya shetani, watoto watafikiri mambo yale yanafanywaka na mashetani, na hawatajua kujilinda na watu."

Tukakata maneno hivi. Kujisikia vizuri ndani ya nguo hakuko kukubali tendo la mwenye nguo. Askari wetu lazima asimame kama mutu aliyevaa nguo ile kila siku: afunge kifungo bila kuangalia, apanguse jasho chini ya kofia, ahamishe uzito kutoka muguu huu mpaka ule juu amesimama tangu asubuhi. Akiwa hivyo, watu hawaangalii nguo. Wanaangalia kidole chake. Akiwa na haya, akivutavuta mukaba, watoto wanacheka, na kicheko kinaanguka juu ya wafu.

Tulitia na kanuni, na tunaomba vikundi vingine vizikamate. Nguo ya askari haivaliwi na mutu mumoja siku zote: leo wewe ni askari, Jumapili inayokuja wewe ni mugomaji. Kila mutu anaonja pande mbili. Hatutoki nayo mu njia hata kidogo. Mazoezi ya macho ya watu kwa askari yanafanywa ndani ya lupango tu. Hatuazimi nguo ya jeshi ya leo, hata kofia, hata mukaba: sheria inakataza mutu wa sivile kuvaa nguo za jeshi, na hatupendi mutoto wa mutu afungwe ao apigwe risasi juu ya muchezo. Bunduki ni mbao, imefungwa katika gunia ikisafirishwa. Chifu wa mutaa na polisi wanajulishwa kwa barua mbele ya kila onyesho. Na kisha muchezo, nguo ya askari ndiyo ya kwanza kuvuliwa. Mutu anaoga uso, anakaa na wenzake, anakula nao. Hatumuachi aende nyumbani na siku ile mwilini.

Kwa nguo ya mufungwa, ile ya mistari, ni vilevile, zaidi fasi ya fimbo. Anayechapwa na anayechapa wanapatana wao wawili mbele, na kuko neno moja ambalo wakilisema kila kitu kinasimama.

Mama mujane alikuja kuona onyesho. Hakutuambia kitu. Lakini kisha wiki mbili alileta koti ya baba yake, akasema karani wetu avae ile, isirudi na doa. Bado tuko nayo. Haina doa.

Na manguo ya kazi ya leo

Kuko jambo moja ambalo hatukulitafuta. Watu wakisha kuzoea kuuliza nguo "inabana wapi, inavuta wapi, nikiinama inakuwa namna gani", hawaachi ulizo hilo katika lupango. Wanaenda nalo kazini.

Vijana wetu wengi wanatumika katika sous-traitance. Katika kampuni moja, ambayo hatutaji jina, salopeti zilikuja za kipimo kimoja kwa watu wote. Mufupi anakunja mikono mara tatu, na kitambaa kile kinaning'inia karibu na mashini inayozunguka. Bote ni ndogo, mutu anakanyaga kisigino. Kaske inacheza juu ya kichwa, basi anaiweka pembeni. Mukubwa wa kazi akipita anaandika: "mutumikaji hapendi kuvaa EPI." Hapana. Hakuna mutu anayekataa kuishi. Mutu anavua kile kinachomuzuia kutumika.

Watu wetu walifanya mitihani ile mine ya kaputula, sasa na salopeti: chuchumaa, inua mikono, panda, kimbia. Waliandika karatasi: jina, kipimo cha bote, kipimo cha salopeti, fasi inayobana. Delege akaipeleka katika comité de sécurité et d'hygiène, ndiyo fasi yake. Bote za vipimo vyote zimekuja. Salopeti, tunangojea bado, na karatasi ya pili imekwisha kuandikwa. Bibi ya mutumikaji naye anaweza kusaidia hapa: yeye ndiye anafua ile nguo, anaona fasi inapasuka kila wiki. Muulizeni, muandike anachosema.

Tunachoomba

Mazoezi yanaendelea. Manguo ya wagomaji tuko nayo ya kutosha. Tunakosa mambo matatu. Kwanza, fotografia za mbele ya 1950 za watu wa kampu, zaidi za wamama. Usitupe. Kuja nayo, tutaiangalia pamoja, tutachora kunja za nguo, na utarudi nayo siku ileile. Pili, wazee wa pansheni watakaokaa na vijana saa moja na kuwaonyesha namna baba zao walisimama, walibeba, walivua kofia mbele ya kapita, na namna walikataa kuivua. Tatu, watu wanne wa kuvaa nguo ya askari kwa zamu. Tunajua wa mwisho ni wa shida kupata. Kuja tu hata kama bado unaogopa: siku ya kwanza tutakupa nguo ya mugomaji, na gunia yenye muchanga.